Taulo la Baba Koku

Ansbert alirudi kutoka Kilosa katikati ya mwezi wa tatu, mwaka 1953, baada ya wiki sita za kazi ya ofisi, na Jumatano ya kwanza baada ya kurudi kwake taulo lake halikuonekana kwenye kamba.

Apolonia, mkewe, aliona pengo hilo mara tu alipotoka uani. Walikuwa na mataulo manne tu, na kila moja lilikuwa na mahali pake. La mume, la buluu, lilianikwa mwanzo wa kamba karibu na ukuta, lake jeupe likafuata, kisha la njano la mtoto wao Koku, na mwisho lile la mistari myekundu lililowekwa kwa ajili ya wageni. Siku hiyo yalikuwa matatu. Alitazama chini, akatazama nyuma ya bafu, akatazama hata juu ya paa la makuti, maana kunguru wa Dar es Salaam hawaachi kitu.

Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya mzee Mwinjuma huko Kinondoni, wakati ambao Kinondoni ilikuwa bado mashamba ya mihogo na nyumba za udongo hapa na pale. Upande wa pili wa ukumbi walikaa Mauwa na mumewe Shomari, fundi seremala, watu wa Lindi. Apolonia alimuuliza Mauwa kama ameona mtu akiingia uani. Mauwa akasema hakuingia mtu. Taulo la Baba Koku amelifua Baba Koku mwenyewe, jana alipotoka kazini, na akaingia nalo ndani likiwa bichi, amelibana kwapani. Alilisema hilo kwa kusifu, akicheka kidogo, kwamba wanaume wa kwao Lindi hata leso zao hawajui kuzipeleka kwenye maji.

Apolonia hakucheka. Walikuwa na miaka sita ya ndoa, na katika miaka hiyo mumewe hakuwahi kufua kitu.

Mambo ya mataulo alijifunza kwa watawa wa misheni huko kwao Bukoba, alikosoma mpaka darasa la sita. Katika bweni lao wasichana waliwahi kuambukizana vikope, ugonjwa unaopofusha macho, kwa kufutia nyuso zao taulo moja, na mmoja wao alirudishwa nyumbani akishikwa mkono. Tangu hapo mtawa msimamizi alikuwa akikagua kila asubuhi yalipotundikwa mataulo yao, msumari kwa msumari, na aliyekutwa na taulo la mwenzake alikosa chai. Apolonia aliondoka misheni na sheria hiyo, akaja nayo hadi kwa mumewe.

Ndiyo maana siku ya kununua yale manne, mwaka mmoja kabla, alimchosha Ansbert na mwenye duka pia. Hakutaka kutazama yale ya juu, yenye maua na yanayong'aa. Alilowesha kidole kwa ulimi, akakigusisha kwenye kitambaa chenye maua, na unyevu ukabaki juu yake kama tone juu ya jani la mgomba. Akalirudisha. Alisema taulo la namna hiyo limepakwa dawa ya kung'arisha, litamtembeza mtu maji mwilini bila kuyanywa. Akaomba yafunguliwe mengine. Aliyashika dhidi ya mwanga wa mlango aone kama nyuzi zimebanana, akavuta vitanzi vyake kwa ukucha aone kama vinachomoka, akapapasa pindo mpaka mwisho. Aliyoyachagua yalikuwa ya kawaida kabisa, mazito mkononi, na rangi nne tofauti ili pasiwe na mtu wa kusema alikosea.

Nyumbani aliyalowesha kwanza usiku kucha katika maji ya chumvi yasichuje. Baada ya hapo hayakuwahi kufuliwa pamoja na nguo nyingine. Alitumia sabuni ya mche, akayasuuza mara tatu, akayakung'uta kwa nguvu kabla ya kuyaanika, na jua lilipofika utosini akayageuza. Hakuyatia wanga wala hakuyapiga pasi, kwa sababu pasi hulaza vitanzi na taulo likawa gumu. Kila Jumamosi aliyachemsha ndani ya debe. Ansbert alikuwa akimtania mbele ya wageni kwamba mke wake anapika mataulo vizuri kuliko ndizi.

Jioni ya Jumatano hiyo alimuuliza. Ansbert alikuwa ameketi ukumbini anavua viatu, na hakuinua kichwa. Akasema amepata upele huko Kilosa, mapajani, kitu kidogo cha joto na jasho, na hataki mkewe auguse. Atalifua taulo lake mwenyewe mpaka apone. Apolonia akamwambia kwamba upele ndio hasa unaotaka maji ya moto, alilete taulo alichemshe. Akakataa. Alipotaka kuuona huo upele, akakataa pia, na safari hii kwa ukali ambao haukulingana na swali.

Na hakuwa amelala kitandani tangu arudi. Alitandika mkeka chini, akasema ni joto.

Jumamosi zote mbili zilizofuata alichukua baiskeli yake akaenda Manzese, na mara zote mbili alirudi akichechemea kidogo upande mmoja, akakaa kwenye kiti kwa uangalifu. Alisema anakwenda kumwona mtu wa kwao aliyehamia kule. Apolonia hakumfahamu Mhaya yeyote wa Manzese. Alitaka kuuliza jina, akaacha. Alikuwa mwanamke aliyelelewa kutouliza mara mbili, na zaidi ya hapo, aliogopa jibu. Alijiambia mwenyewe kwamba ni upele.

Kisha masika ikaanza.

Ilinyesha mvua ya siku tisa bila kupumzika. Ua ukawa tope, kisima kikapanda mpaka maji yake yakawa rangi ya chai, na hakuna kilichokauka. Apolonia alifunika tenga juu ya jiko la mkaa jikoni, akawa anayatandaza mataulo matatu moja moja juu yake, akiyageuza kila dakika chache yasiungue. Vyumbani mlikuwa na harufu ya ukungu. Lakini kulikuwa na harufu nyingine, nzito zaidi, iliyotoka pembeni mwa kitanda, nyuma ya sanduku la nguo za Ansbert. Apolonia aliijua inatoka wapi. Taulo la buluu lilikuwa limekunjwa pale, bichi, siku baada ya siku. Alipita karibu nalo anapofagia, na ufagio wake ukaishia hatua moja kabla ya sanduku.

Jumatatu ya wiki ya pili ya mvua, asubuhi, alikuwa anamwogesha Koku katika beseni ukumbini. Jina lake hasa lilikuwa Kokushubila, na alikuwa na miaka minne. Mtoto alifikicha macho kwa mikono yenye povu, sabuni ikamwingia, akapiga kelele kama amechomwa. Apolonia akageuka kuchukua taulo la njano jikoni. Lilikuwa juu ya tenga, na kona yake moja ilikuwa imeanza kuungua, moshi unapanda. Jeupe na lile la wageni yalikuwa kwenye debe, yanachuruzika maji. Mtoto analia, anapapasa hewani. Apolonia akakimbilia chumbani, akaingiza mkono nyuma ya sanduku, akatoka na taulo la buluu.

Alimfuta vizuri. Alimfuta jicho la kulia, akakunja taulo upande mwingine, akamfuta la kushoto, akarudia tena la kulia ambalo lilikuwa linamwasha zaidi. Mtoto akanyamaza.

Alipoinua uso, Ansbert alikuwa amesimama mlangoni, amefunga tai, mkono mmoja kwenye baiskeli.

"Umemfuta na nini?" akauliza.

"Na taulo lako. La kwake limeungua."

Ansbert aliiegemeza baiskeli ukutani, akaja akalichukua taulo mikononi mwake. Alilishika kwa vidole viwili. Apolonia aliona midomo ya mumewe imekuwa na rangi ya majivu, akamwambia kwa upole kwamba upele wa mapajani hautampata mtoto machoni, asihangaike.

"Mwoshe uso," Ansbert akasema. "Mwoshe kwa maji mengi. Sasa hivi."

Akasimama pale akitazama anavyooshwa. Alifungua mdomo mara moja. Kisha akatazama saa yake, akaliweka taulo chini ya koti lake la mvua, akatoka na baiskeli. Taulo la buluu halikuonekana tena katika nyumba ile. Baadaye ilijulikana alilitupa kwenye mto Msimbazi, siku hiyo hiyo, akielekea kazini.

Jumanne Koku aliamka mzima. Ansbert alimwinua, akampeleka dirishani, akamtazama macho kwa muda mrefu. Alifanya hivyo tena aliporudi kutoka kazini. Siku hiyo alikula vizuri, akamsimulia mtoto hadithi ya sungura. Apolonia akashukuru Mungu moyoni bila kujua anashukuru kwa nini hasa.

Jumatano mchana jicho la kulia likawa jekundu. Kufikia jioni kope zake zilikuwa zimevimba na kung'aa, na machozi yake yalikuwa mazito. Ansbert alipoingia na kumwona, aliketi juu ya kitanda na kofia yake kichwani. Apolonia akasema kesho watakwenda hospitali ya serikali mjini. Ansbert akasema hapana. Alisema macho mekundu yamejaa mji mzima msimu huu wa mvua, kwamba mtoto atanyeshewa bure na kupata kichomi, kwamba ataleta dawa yeye mwenyewe. Alhamisi akaleta kichupa cha dawa ya macho ya dukani. Apolonia akamtia matone, na mtoto akajikunja kwa maumivu, na usaha wa njano ukatoka mwingi hata ukafuata shavu mpaka shingoni. Alipoufuta, ukajaa tena kabla hajaweka kitambaa chini. Jicho la kushoto nalo lilikuwa limeanza.

"Tumpeleke sasa," Apolonia akasema.

"Kesho," Ansbert akasema. "Tuipe dawa nafasi mpaka kesho."

Ijumaa aliondoka mapema kuliko siku zote, wakati mtoto bado amelala.

Saa mbili asubuhi Mauwa alikuja kuomba moto, akamkuta Apolonia amempakata mtoto. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba kama ngumi. Mauwa aliinama akamtazama. Hakumgusa. Akafunga mlango wa ukumbi ili wapangaji wengine wasisikie.

"Mie usaha wa namna hii nimeuona," akasema. "Kwa mtoto wa dada yangu, Lindi. Siku ya tatu tu baada ya kuzaliwa."

Apolonia akauliza ikawaje. Mauwa akauliza swali lake kwanza, polepole, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mama Koku, usinichukie. Baba yake mzima?"

Apolonia alihisi hasira ikimpanda mpaka kwenye masikio. Alitaka kumwambia mwanamke huyu atoke. Alitaka kumwambia kwamba mume wake ni karani, anashika kitabu cha sala kila Jumapili, hakai vilabuni. Maneno hayo yote yalikuwa kinywani mwake. Lakini pale pale akauona mkeka uliokunjwa ukutani, akaona na sanduku, na nafasi tupu nyuma yake. Akakumbuka safari za Manzese na namna alivyokuwa akikaa kwenye kiti. Akakumbuka vile vidole viwili vilivyolishika taulo.

Akasimama, akamfunga mtoto mgongoni, akatafuta kanga ya kumfunika.

Mauwa alikwenda naye. Walipata basi hadi Magomeni, na hapo dereva akazima injini. Bonde la Msimbazi lilikuwa limejaa. Barabara ilikuwa imezama, maji ya udongo yanapita juu yake yakivuta matawi na mapipa, na watu walikuwa wamesimama kando wakingoja yapungue. Mtu mmoja aliwaambia yatapungua jioni. Apolonia hakusimama hata kumsikiliza mpaka mwisho. Alimtoa mtoto mgongoni akampandisha mabegani, akamwambia ashike nywele. Mauwa akamshika kiuno kwa nyuma. Wakaingia. Maji yaliwafika kiunoni, kisha juu ya kiuno, na katikati ya bonde mguu wa Apolonia ulikosa lami ukazama, akaenda upande, na Mauwa akamvuta kwa nguo akiwa amepiga magoti ndani ya maji. Koku hakulia. Alikuwa na homa, na alikuwa akiuliza kwa nini ni usiku.

Hospitalini walikuta foleni ndefu kwenye benchi. Mganga msaidizi aliyekuwa zamu, kijana aitwaye Fransis, alikuwa akipita kuwatazama wagonjwa kabla ya kuwapanga. Alipofika kwao aliinua kope ya kulia kidogo tu kwa kidole, akaiachia. Akauliza ni tangu lini. Akauliza mtoto amechezea nini, kama nyumbani kuna mtu mwingine mwenye macho mabaya. Apolonia akajibu hakuna. Akasema amekuwa akitiwa dawa ya dukani tangu jana.

Pale kwenye benchi kulikuwa na watu kama ishirini. Wawili kati yao aliwafahamu, wake za makarani, waliokuwa wakisali naye kanisa moja. Mmoja alikuwa amekwisha mpungia mkono. Fransis alikuwa anaandika, anataka kuendelea na mgonjwa mwingine.

"Bwana mganga," Apolonia akasema, na sauti yake haikuwa ndogo. "Baba yake ana kisonono. Nilimfuta mtoto macho kwa taulo lake, Jumatatu."

Hakuwa na uhakika. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Aliona yule mwanamke aliyempungia mkono akigeuza uso ukutani.

Fransis hakuuliza swali jingine. Alimchukua mtoto mikononi mwake, akapita naye foleni nzima mpaka ndani. Walichukua usaha kidogo kwa kijiti cha kioo, wakaenda kuutazama kwenye darubini, na kabla ya nusu saa daktari Mzungu alikuwa amekuja mwenyewe. Mtoto alidungwa penisilini, na muuguzi akawekwa kando ya kitanda chake kumsafisha macho na kumtia matone kila baada ya dakika chache, bila kukoma, siku nzima. Apolonia naye alipimwa. Walimwambia ni mzima.

Mchana, Fransis alimwita nje ya wadi. Alimweleza kwamba la kushoto wana matumaini nalo. Kuhusu la kulia, alisema, ugonjwa huu unakula kioo cha jicho kwa siku moja au mbili, na hili lilikuwa limekwisha kutoboka walipofika. Apolonia akauliza kama wangekuja jana. Fransis alikuwa kijana mwema, akasema hilo ni gumu kulijua. Akauliza tena, wangekuja juzi. Fransis akatazama karatasi zake.

"Juzi tungeliokoa," akasema.

Ansbert alikuja saa kumi, saa ya kuwaona wagonjwa. Mauwa alikuwa amempelekea habari ofisini. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka kiunoni. Alisimama miguuni mwa kitanda, akatazama kichwa kidogo kilichofungwa bandeji, na hakuthubutu kukaribia. Apolonia akamwonyesha kwa kidevu watoke kwenye baraza. Mvua ilikuwa imekatika na ua wa hospitali ulikuwa unatoa mvuke.

"Ulijua," Apolonia akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoliona taulo mkononi mwako."

Akaanza kueleza, na alieleza kwa muda mrefu. Kulikuwa na mwanamke huko Kilosa, mara mbili tu, kwenye nyumba aliyofikia. Ndani ya treni ya kurudi ndipo alipojijua kuwa ameambukizwa. Aliona haya kwenda hospitali ambako makarani wenzake wangeliona jina lake, akaenda kwa mtu wa Manzese anayepiga sindano vichochoroni, ambaye alimwambia baada ya tatu atakuwa amepona. Alilala chini ili asimwambukize. Alilificha taulo ili asimwambukize. Kila alichofanya, alisema, alikifanya ili wao wasiguswe. Jumatatu ile aliona mtoto ameoshwa kwa maji mengi, akaona labda imetosha. Jumanne aliona macho ni mazima. Jumatano na Alhamisi aliomba.

Apolonia alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ungesema neno moja pale mlangoni," akasema. "Moja tu. Mimi ningekwenda."

Ansbert akaketi chini kwenye saruji, na tai yake, mbele ya watu waliokuwa wakipita na vikapu vya chakula. Apolonia akarudi ndani.

Walikaa hospitalini siku kumi na tisa. Jicho la kushoto lilifunguka siku ya sita, jekundu na lenye kuogopa mwanga, lakini linaona. La kulia lilibaki jeupe kama maziwa, na baadaye likasinyaa. Ansbert alitibiwa hospitali hiyo hiyo, kwa jina lake kamili, na yeyote aliyetaka kulisoma alilisoma.

Habari ilifika Bukoba. Kaka yake Apolonia, Didas, alisafiri kwa meli na treni akaja kumchukua dada yake na mtoto. Padri naye alikuja, akazungumza habari za kusamehe. Apolonia aliwasikiliza wote wawili. Kwa kaka yake alisema kwamba mtoto anahitaji kurudi kwa daktari kila mwezi, na Bukoba hakuna daktari yule. Kwa mume wake alisema atabaki kwa sharti moja. Siku Koku atakapouliza jicho lake lilikwenda wapi, yeye Ansbert atamwambia kwa mdomo wake, yote, bila kuacha neno wala kumtuma mtu. Na asimwambie kabla hajaulizwa, ili kila siku ajue kwamba inaweza kuwa leo.

Ansbert akakubali. Didas alisema ingekuwa afadhali dada yake angempiga.

Wakahamia Temeke, kwenye kota. Ansbert akapandishwa cheo, akanenepa kidogo, akawa mtu mkimya. Walipata mtoto wa pili, wa kiume. Koku alianza shule, akawa mwepesi wa hesabu. Alikuwa na tabia ya kugeuza kichwa chote upande wa kulia mtu anapomsemesha, na kila alipokigeuza kuelekea kwa baba yake mezani, Ansbert alikuwa akiacha kutafuna. Alikuwa akingoja. Apolonia alimwona akingoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuna siku alimhurumia, na kuna siku huruma hiyo haikuja hata alipoitafuta.

Ilikuwa mwaka 1958, Jumapili moja baada ya misa. Koku alikuwa na miaka tisa. Shuleni walikuwa wamemwita chongo wiki nzima, wakimjia upande asioona na kumvuta sikio. Alikuwa amekaa mezani anachora kwa penseli, na aliuliza bila kuinua uso, kama anavyouliza chakula kiko wapi.

"Baba, hili jicho langu lilifanywa nini?"

Ansbert aliweka kikombe chini. Apolonia akambeba mdogo wake Koku kiunoni, akachukua ungo wa mchele, akatoka uani akaketi kwenye kibao. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia sauti ya mumewe ikianza, ikikatika, ikianza tena. Alisikia neno Kilosa. Alisikia akitaja Jumatatu, akitaja Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kila siku kwa jina lake. Hakuacha kitu.

Baada ya muda mrefu sauti ikaisha, na Koku akatoka. Hakuwa analia. Alikuja akasimama mbele ya mama yake, akageuza kichwa ili amwone vizuri.

"Na wewe mama ulijua lini?"

Apolonia alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi, kwa kaka yake, kwa padri, kwa majirani. Siku zote alisema, siku ya Ijumaa, aliponiuliza Mauwa. Alifungua mdomo aliseme hilo. Jicho moja lilikuwa linamtazama, halipepesi.

"Nilianza kuogopa siku ile ya kwanza aliyofua mwenyewe," akasema. "Sikutaka kujua. Nikanyamaza na mimi."

Koku aliendelea kumtazama. Ndani, kiti kilisogezwa, kisha kikatulia. Mtoto mdogo alinyoosha mkono akataka kushika penseli iliyokuwa mkononi mwa dada yake, na Koku akampa. Halafu akaketi kwenye ardhi, mbali kidogo na mama yake, akavuta ungo kwake, akauinamia karibu sana, akaanza kuchagua mawe.